Maiti Chini ya Mti wa Krismasi: Kwa Nini Msomaji Mmoja Hutoa Nyota Tano na Mwenzake Mbili

Chukua riwaya moja ya upelelezi ya kuchekesha, ile inayoanza na theluji, harufu ya keki na mtu aliyevaa kama Baba Krismasi kukutwa amekufa nyuma ya ukumbi wa kanisa. Soma maoni ishirini ya waliokwisha kuimaliza. Wa kwanza amecheka hadi machozi; wa pili hajatabasamu hata mara moja. Mmoja alimtambua muuaji nusu ya kitabu na akakasirika, mwenzake alimtambua palepale na akajisifu. Mwingine ametoa nyota mbili kwa sababu Krismasi yenyewe haionekani. Aliyekuwa akitafuta kitabu cha kusoma likizo anaishia hajui achukue au aache.

Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba wengi wao hata hawabishani. Kila mmoja anapima kitu chake: huyu anapima fumbo, yule kicheko, yule mwingine sikukuu. Nyota zinazotolewa ni zilezile, na ndiyo maana wastani wake husema machache sana.

Aina hii ya riwaya madukani hutambulishwa kwa jina la Kiingereza, cozy mystery. Hapa tuiite upelelezi mwanana, kwa kuwa upole ndio sharti lake la kwanza. Mauaji yapo, lakini hutokea nje ya macho ya msomaji. Damu haielezwi, mateso hayaonyeshwi, matusi ni machache na mambo ya chumbani huishia mlangoni. Anayechunguza si askari. Ni mwoka mikate, mkutubi, muuza maua au mwalimu mstaafu, mtu ambaye umbea wote wa mji hupita mikononi mwake. Mji ni mdogo, washukiwa hutosha meza moja ya chakula, na mwishoni muuaji lazima ajulikane. Msomaji aliyekulia kwenye vitabu vya Muhammed Said Abdulla haoni hewa hii kuwa ngeni sana: Bwana Msa na kiko chake, mtu wa kufikiri kuliko kukimbia, yuko jirani zaidi na upelelezi mwanana kuliko Willy Gamba wa Elvis Musiba na bastola yake.

Fumbo

Mkataba wa fumbo ni uleule wa kitendawili. Anayetega huweka ndani ya maneno yake kila kitu kitakachohitajika kulipata jibu. Ukishindwa ukatoa mji, jibu likitajwa unatakiwa ujipige paji la uso, usiulize limetoka wapi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika pia riwaya za upelelezi, aliuweka mkataba huo katika kanuni kumi, nusu kwa utani. Ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Nyingine inakataza bahati isimsaidie mpelelezi, na nyingine inafukuza mizimu na nguvu za ajabu.

Malalamiko mengi kuhusu fumbo, ukiyavua hasira, ni mashtaka ya kuvunja kanuni hizo. Muuaji ameingia sura ya ishirini katika kitabu cha sura ishirini na nne. Mpelelezi ameangusha sanduku la mapambo na barua ya siri ikadondoka yenyewe. Muuaji amekiri kila kitu kwa hotuba ya kurasa sita kwa sababu dalili zilizotangulia hazikutosha kumtia hatiani. Msomaji akitaja kosa la namna hii, mwamini, kwa sababu halitegemei ladha yake.

Lakini maneno "nilimjua mapema" yachukue kwa tahadhari. Katika upelelezi mwanana kukisia ni sehemu ya burudani, na anayekisia sawasawa robo ya mwisho ya kitabu kwa kawaida hufunga kurasa akiwa na raha. Anayekisia theluthi ya kwanza huburuta miguu hadi mwisho. Kwa hiyo la kuangalia ni wapi alimjua na kwa njia gani. Kama alimjua kwa dalili, mwandishi amecheza haki na pengine msomaji huyo ni hodari tu. Kama alimjua kwa sababu ndiye mtu pekee hadithini asiye na kazi nyingine yoyote (hapendwi na mtu, hauzi kitu, hachekeshi, ila kila karamu yupo), basi mwandishi ameshindwa kumficha, na wewe pia utamwona.

Kuna lalamiko jingine linalojirudia kuliko yote: mpelelezi hupata ujumbe usiku, akaenda ghalani peke yake, bila kumwambia mtu, na simu imeisha chaji. Wasomaji humwita mjinga, na wana haki. Sababu ya kosa hili ni ya kiufundi. Askari angemkamata mshukiwa ofisini kwake saa nne asubuhi, na hadithi ikaisha bila msisimko. Mwoka mikate hana pingu wala kibali, hivyo njia rahisi ya kufikia kilele ni kumkutanisha na muuaji mahali pa upweke. Waandishi hodari huuficha mshono huo. Mpelelezi anadhani anakwenda kuonana na mtu mwingine, au ameshamwambia rafiki yake lakini theluji imemchelewesha. Maoni yanayosema kilele kilikuwa na mantiki ni sifa kubwa kuliko yanavyoonekana.

Kicheko

Hapa maoni ya watu ndipo yanapokosa thamani haraka zaidi, maana neno "kinachekesha" halisemi kitu mpaka aina ya ucheshi itajwe. Upo ucheshi wa maneno, kuanzia jina la kitabu: waandishi wa aina hii, hasa Marekani, hupenda kugeuza majina ya nyimbo za Krismasi na vyakula kuwa mzaha wa mauaji. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu hupoteza sehemu kubwa ya mzaha huo. Si kosa lake wala la kitabu. Upo ucheshi wa vituko: mbuzi wa igizo la hori la Bethlehemu anakula ushahidi, taa za mti zinazima mtaa mzima. Upo wa ndugu, mama mkwe aliyekuja kwa siku tatu akakaa wiki tatu. Na upo wa kejeli, ambao wote umo katika sauti ya msimulizi. Huo ukikukera ukurasa wa pili utakukera hadi wa mwisho.

Vituko huvuka mipaka ya lugha vizuri, ndugu pia. Mama mkwe hahitaji mkalimani.

Jambo ambalo wasomaji hulihisi bila kulitaja ni uchaguzi wa marehemu. Katika riwaya hizi anayekufa mara nyingi ni mtu aliyeudhi kila mtu: mwenye nyumba bahili, dikteta wa kwaya, jirani anayepeleka mashtaka kwa sababu ya sauti ya kengele. Hili lina faida mbili. Linazalisha washukiwa kwa wingi, na linaruhusu watu kutania sura moja baada ya maiti kupatikana. Mwandishi akimuua mtu aliyependwa, utani uleule unageuka kuwa utovu wa adabu msibani. Ukikuta maoni yanayolalamika kwamba kitabu kinachukulia kifo kimzaha, tazama kama yanamtaja marehemu kwa upendo. Mara nyingi tatizo limeanzia hapo, wala si kwenye mizaha.

Sikukuu

Kipimo rahisi ni hiki: toa Krismasi, weka Jumanne yoyote ya mwezi wa tatu, kisha uulize kama mauaji yangeweza kutokea vilevile. Kama yangeweza, sikukuu imebaki kwenye jalada.

Mwandishi anayejua kazi huitumia Krismasi kama mtambo. Sikukuu huwaleta chini ya paa moja ndugu waliokimbiana miaka kumi, pamoja na urithi ambao haujagawanywa. Theluji hufunga barabara, polisi wakachelewa na muuaji asiweze kutoka. Vazi la Baba Krismasi humfunika mtu kuanzia utosini hadi viatuni, ndevu na tumbo vikiwa vya bandia, hivyo shahidi anayeapa kwamba alimwona akiingia saa mbili hajaona mtu yeyote, ameona nguo. Chakula hupita mikono mingi bila kuulizwa: bakuli la kinywaji kwenye karamu ya ofisi, sahani ya biskuti iliyoachwa mlangoni na jirani. Vifurushi vilivyofungwa kwa karatasi ya rangi huzunguka mji mzima, na kuvifungua kabla ya siku ni aibu. Zaidi ya yote kuna tarehe. Tarehe 25 haisogezwi mbele, kwa hiyo hadithi ina saa inayohesabu bila mwandishi kutegesha bomu.

Sasa linakuja jambo linalowachanganya wasomaji kuliko lolote. Kuna kitabu kinachohusu sikukuu na kuna kitabu kinachosomwa wakati wa sikukuu, na wachapishaji huviuza vyote viwili kwa jalada lenye theluji. Kwa miaka mingi riwaya za Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa upelelezi, zilitangazwa Uingereza kama zawadi ya Krismasi ya kila mwaka, iwe hadithi yenyewe inatokea Misri au garini moshi. Nchini Norway mambo yalikwenda mbali zaidi, tena kwa Pasaka. Mwaka 1923 tangazo kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Aftenposten lilisema treni ya Bergen imeporwa usiku. Watu wengi waliingiwa na hofu wakidhani ni habari ya kweli, kumbe ni jina la riwaya mpya ya Nordahl Grieg na Nils Lie, waliokuwa wametumia jina moja la kubuni. Tangu hapo Wanorwe wameendelea na desturi ya kupanda kwenye vibanda vyao vya milimani wakati wa Pasaka na mfuko wa riwaya za uhalifu. Hata maboksi ya maziwa huchapishwa mafumbo ya upelelezi msimu huo. Riwaya ya namna hiyo si lazima itaje Pasaka popote. Sikukuu analeta msomaji mwenyewe.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa karibu ni Hercule Poirot's Christmas, kitabu cha Christie kilichotoka Desemba 1938, kwa sababu chenyewe kilizaliwa na maoni ya msomaji. Katika tabaruku yake Christie anamweleza James, mume wa dada yake, kwamba ameyasikia manung'uniko yake: mauaji katika vitabu vyake yamekuwa ya kistaarabu mno, hayana damu, na yeye anataka mauaji ya nguvu ambayo hakuna atakayeyatilia shaka. Akampa alichoomba. Mzee tajiri anawaita watoto wake wote nyumbani, na mkesha wa Krismasi anakutwa ndani ya chumba kilichofungwa, damu imetapakaa. Sehemu za kitabu zimepewa majina ya tarehe, kuanzia Desemba 22 hadi 28.

Kipime kwa mizani mitatu. Fumbo liko juu sana. Dalili zote ziko wazi mbele ya macho. Kicheko ni kidogo, tena kikavu. Sikukuu ipo kama mtambo, kwa kuwa bila Krismasi wale ndugu wasingekubali kukaa meza moja, lakini kama mapambo karibu haipo: baada ya maiti kupatikana hakuna anayekumbuka zawadi. Kwa hiyo leo anayekifungua akitarajia mishumaa na keki anatoa nyota tatu akisema Krismasi ni chache, na anayekuja kwa ajili ya fumbo anatoa tano. Kwa vipimo vya leo hata katika upelelezi mwanana kiko ukingoni, maana damu ile James aliipata kweli. Aliyetaka meza ya sherehe na mapishi mazito angefaa zaidi kuchukua mkusanyiko wa hadithi fupi ambao Christie aliutoa mwaka 1960, na ambao katika dibaji yake alikumbuka Krismasi za utotoni katika jumba la Abney Hall.

Mfano wa pili ni Mystery in White ya J. Jefferson Farjeon. Ilitoka mwaka 1937, ikasahaulika, kisha British Library wakaichapa upya mwaka 2014 kwa jalada la mtindo wa mabango ya kale ya reli, na ikawa miongoni mwa vitabu vilivyowashangaza wauza vitabu kwa kununuliwa sana msimu ule. Treni inakwama thelujini mkesha wa Krismasi; abiria wanatembea hadi nyumba isiyo na mtu, lakini moto unawaka, birika linachemka na meza ya chai imeandaliwa. Mwanzo mzuri kama huo ni deni. Miongoni mwa abiria yumo mzee anayechunguza mambo ya mizimu, na hapo wafuasi wa kanuni za Knox huanza kunung'unika ilhali wapenda hewa ya kitabu wanasogea karibu na moto.

Namna ya kuzisoma nyota

Kwanza jua maana ya nyota mahali ulipo. Kwenye Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, nyota mbili zina maelezo yanayomaanisha kilikuwa sawa tu, na tatu zinamaanisha nimekipenda. Amazon huziweka nyota tatu upande wa maoni ya kukosoa. Kitabu kilekile, msomaji yuleyule, hisia ileile, lakini tatu za huku ni pongezi na tatu za kule ni lawama.

Pili, angalia tarehe ya maoni. Riwaya za Krismasi hutoka mapema, nyingi Septemba na Oktoba, na nakala za bure za kabla ya toleo husambazwa kupitia huduma kama NetGalley miezi kadhaa kabla. Waliozisoma wa kwanza aghalabu ni watu walioziomba wenyewe, mashabiki wa mfululizo, nao hutoa nyota kwa ukarimu. Wengi huandika kwamba walipewa nakala, na sentensi hiyo usiiruke. Wanaofuata mwezi Desemba ni watu wa namna nyingine kabisa: wamevutwa na jalada, hawajasoma vitabu kumi na vinane vilivyotangulia, na wanakutana na majina ishirini na tano katika kurasa thelathini za mwanzo, kila moja likiwa na historia inayodhaniwa inajulikana. Hao ndio wanaolalamika kwamba watu ni wengi mno. Kama wewe pia unaingia katikati ya mfululizo, maoni ya Desemba na Januari yatakufaa kuliko ya Septemba. Shabiki naye ana lalamiko lake ambalo mgeni halimhusu: dada yetu mpelelezi bado hajaamua kati ya wachumba wawili, na huu ni mwaka wa kumi.

Anza na nyota tatu. Aliyetoa tatu amelazimika kugawanya sifa na kasoro, hivyo husema ni kipi kilichofanya kazi na kipi hakikufanya. Soma tano au sita za namna hiyo. Kasoro ileile ikitajwa na watu watatu, ipo. Kisha tazama idadi ya kurasa, kwa sababu toleo la Krismasi mara nyingi ni hadithi fupi ya kurasa mia moja na kitu inayouzwa karibu na bei ya riwaya kamili, au hadithi tatu za waandishi watatu ndani ya jalada moja ambalo jina la aliye maarufu zaidi ndilo kubwa. Hasira nyingi za nyota moja zinatokana na hapo tu. Mwisho soma kionjo cha bure. Sauti ya msimulizi utaijua ndani ya kurasa tano. Maiti huenda usiione, maana katika kitabu cha kurasa 280 kwa kawaida hupatikana kati ya ukurasa wa 30 na wa 80. Ikichelewa kufika nusu, maoni yatakuwa yamekwisha kupiga kelele.

Kuna pia suala la mapishi. Riwaya nyingi za aina hii, hasa za Kimarekani, hubeba mapishi ya biskuti na keki, baadhi mwishoni, baadhi katikati ya sura, jambo ambalo huwakera wasomaji wa fumbo kwa sababu hukata mwendo palepale mshukiwa anapoanza kuyumba. Wanaosema mapishi hayafanyi kazi mara nyingi wamejikwaa kwenye vipimo. Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240, na kikijazwa unga wa ngano bila kushindiliwa ni takriban gramu 120 hadi 130. Mche mmoja wa siagi ni gramu 113. Joto la 350 ni la Farenhaiti, sawa na 175 hivi za Selsiasi. Anayeweka 350 za Selsiasi anapata mkaa. Na bekingi soda si bekingi pauda: soda ina nguvu takriban mara tatu, na ikiwekwa badala ya pauda kwa kipimo kilekile keki itakuwa na ladha ya sabuni.

Ukiandika maoni yako

Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na kwenye riwaya ya upelelezi mtama ni kila kitu kinachotokea baada ya maiti ya kwanza. Eleza mji, sikukuu, marehemu, aina ya ucheshi, na kama fumbo lilicheza haki. Hata kusema kwamba mwishoni kuna mgeuko mkubwa ni kumwaga, kwa sababu msomaji ataacha kumwamini kila mtu anayekamatwa mapema.

Anayeandika kwa Kiswahili ana faida moja ambayo Mwingereza hana. Mwingereza hulazimika kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke kila anapomtaja muuaji kwa kiwakilishi, na chaguo hilo hufuta nusu ya washukiwa. Sisi tunasema "alijificha", "alidanganya", "yeye ndiye", na hakuna kilichovuja. Siri huvujia kwenye ukoo: ukiandika shangazi, mjomba, wifi au shemeji umeonyesha kidole, na katika riwaya ya Krismasi karibu kila mshukiwa ni ndugu wa mtu. Maneno ya sifa nayo yana hatari yake. Ukisema hukutarajia kabisa kwamba ni yule mkimya, umekiharibu kitabu chote, maana katika karamu ya Krismasi mkimya huwa mmoja tu.